Mwenzako Akinyolewa: Krimu za Bei Nafuu na Ndevu Zetu



Mgeni aingiapo kwa mara ya kwanza katika duka la dawa la Kimarekani hustaajabu kuona kwamba dawa zenyewe zimewekwa nyuma kabisa. Kabla hajazifikia hana budi apite mbele ya rafu ndefu za sabuni, mafuta na manukato, na kwa upande wa wanaume atakuta safu nzima ya makopo na tyubu za kunyolea ndevu. Kopo moja lauzwa kama dola mbili na nusu. Tyubu iliyo kando yake, ndogo kuliko hilo kopo, yauzwa kama dola nane. Vyote viwili huahidi jambo lile lile: uso laini usiowasha.

Kijana aliyepata kazi juzi, akaambiwa afike Jumatatu hali amenyoa, husimama mbele ya rafu hiyo asijue anyooshe mkono wapi. Mara nyingi huchukua kilicho ghali, kwani sote tumelelewa na usemi kwamba rahisi huvunja upishi. Baada ya wiki mbili shingo yake imejaa vipele, naye huamini kwamba dawa yake ni kununua kilicho ghali zaidi. Maswali ya namna hiyo yametufikia mara nyingi, kutoka kwa vijana wenyewe na kutoka kwa mama zao. Kwa hiyo sisi wanne tunaoshughulikia jarida hili hapa Columbus, Ohio, wazee watatu na kijana mmoja, tuliamua kulitafiti jambo hili kwa nyuso zetu wenyewe.

TULIVYOFANYA JARIBIO

Tulichagua vitu sita ambavyo mtu aweza kuvipata katika maduka ya Walgreens na CVS, au katika Kroger na Meijer. Navyo ni povu la Barbasol la aina ya asili. Povu la Gillette Foamy. Povu la kopo lenye jina la duka lenyewe. Jeli ya Edge. Krimu ya tyubu ya Cremo. Na kipande cha sabuni ya kunyolea cha Van Der Hagen, ambacho hutumiwa pamoja na brashi na kikombe. Kila kitu tulikitumia kwa wiki moja. Kila mmoja wetu alitumia aina ya wembe aliouzoea, akiweka mpya kila mwanzo wa wiki, ili lawama ya wembe butu isije ikaangukia krimu.

Ndevu zetu hazifanani, na hilo lilitufaa. Wa kwanza ana ndevu za kipilipili, ngumu na zilizojisokota. Wa pili, ambaye asili yake ni Unguja na Muskati, ana ndevu zilizonyooka. Wa tatu amefuga ndevu kwa kufuata sunna, na hunyoa mashavu na shingo tu. Wa nne ndiye kijana wetu, mwenye umri wa miaka ishirini, ndevu zake bado changa na shingo yake ndiyo iliyokuwa na vipele.

Katika wiki ya saba tulifanya mtihani wa upofu. Binti wa mmoja wetu alitutilia povu la bei nafuu katika bakuli moja na krimu ya ghali katika bakuli jingine, akakoroga vyote pamoja na maji ya moto, asituambie kipi ni kipi. Tukanyoa shavu la kulia kwa hiki na la kushoto kwa kile. Kisha tukamwomba yeye na mama yake watupapase mashavu na kutoa hukumu.

KILICHOMO NDANI YA KOPO

Kabla ya kutoa matokeo, yafaa tueleze krimu ya kunyolea ni kitu gani hasa, kwani maandishi ya nyuma ya kopo huwatisha wengi.

Kwa karne nyingi wanaume walinyolewa kwa sabuni, maji na brashi, na vinyozi wengi wa pwani yetu waliendelea na desturi hiyo, wakimalizia kwa kipande cha shabu ili kukausha damu. Mwaka 1919, Frank Shields, aliyewahi kufundisha kemia katika chuo cha MIT, alitengeneza huko Indianapolis krimu isiyohitaji brashi wala kupigwa povu. Akaiita Barbasol. Mwaka 1949 kampuni ya Carter ilileta Rise, povu la kwanza la kunyolea lililotiwa katika kopo la gesi. Gillette wakafuata na Foamy yao mwaka 1953, na mwaka 1970 kampuni ya S. C. Johnson ikatoa jeli ya Edge. Tangu hapo mabadiliko yamekuwa ya harufu na rangi zaidi kuliko ya asili ya kitu chenyewe.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba Barbasol ni jirani yetu. Kampuni ya Perio, iliyoinunua chapa hiyo mwaka 2001, iko Dublin, kitongoji cha hapa Columbus, na mwaka 2010 ilifungua kiwanda chake katika mji wa Ashland, humu humu Ohio. Wale waliotazama sinema ya Jurassic Park ya mwaka 1993 watakumbuka kwamba kopo lililotumiwa kuiba mbegu za wale wanyama wa kale lilikuwa ni kopo la Barbasol.

Sasa tusome nyuma ya kopo. Neno la kwanza karibu daima ni maji. Linalofuata mara nyingi ni asidi ya steariki, kitu kile kile kinachotiwa katika mishumaa. Asidi hiyo ikichanganywa na kitu kiitwacho trietanolamini hugeuka sabuni laini. Huongezwa vitu vya kushikilia povu, gilisirini au lanolini (yaani mafuta ya sufu ya kondoo) vya kulainisha ngozi, manukato, na gesi za isobutani na propani za kusukuma povu nje. Gesi zilizotumika zamani ziliharibu tabaka la ozoni, na Marekani ilizipiga marufuku katika makopo ya namna hii mwaka 1978. Hizi za sasa haziharibu ozoni, lakini ni za jamii moja na gesi ya kupikia: zinawaka. Kopo lisiwekwe karibu na jiko wala kuachwa ndani ya gari wakati wa kiangazi.

Jeli ina hila moja ya kupendeza. Ndani yake hutiwa isopentani, ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Kiganja cha mtu kina joto kuliko hapo. Kwa hiyo jeli hutoka ikiwa tulivu, na inaposuguliwa usoni huanza kutoa povu yenyewe. Kijana wetu aliliona jambo hilo kuwa muujiza. Ni somo la fizikia la kidato cha pili.

Kwa ndugu zetu Waislamu, neno moja la kuangalia ni "tallowate". Neno hilo huonyesha kwamba sabuni imetengenezwa kwa mafuta ya mnyama, lakini halisemi ni mnyama yupi. Hata asidi ya steariki yaweza kutoka kwa mnyama au kwa mawese. Anayetaka uhakika atafute chapa inayoandika wazi kwamba viungo vyake vyote ni vya mimea.

Mtu akisoma makopo matatu ya povu yenye bei tatu tofauti, atagundua kwamba orodha zake zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Kinachotofautiana sana ni jina, harufu na fedha iliyotumika kutangaza.

HUKUMU YETU

Katika wiki za mwanzo tulidhani tumepata mshindi. Mwenzetu mwenye ndevu za kipilipili alisema kwamba sabuni na brashi vilimnyoa vizuri kuliko vyote. Jeli ilifuata, ilikaa usoni muda mrefu bila kukauka, na wembe uliteleza juu yake. Krimu ya tyubu haitoi povu kabisa; hupakwa kidogo juu ya uso ulioloa chapachapa, na mwenye kufuga ndevu aliipenda kwa sababu aliweza kuona mpaka wa ndevu zake asije akaukata. Mapovu ya makopo yote matatu tuliyaweka nafasi ya mwisho, nasi hatukuweza kuyatofautisha ila kwa pua.

Kisha mmoja wetu akauliza swali la kimwalimu: sabuni imeshinda kwa sababu ya sabuni, au kwa sababu ya dakika nne zinazotumika kuzungusha brashi usoni? Tukarudia jaribio. Safari hii kila mtu aliosha uso kwa maji ya moto, akaweka taulo lililoloweshwa juu ya ndevu kwa dakika tatu, ndipo akapaka povu la kopo la dola mbili na nusu, akasubiri dakika moja zaidi kabla ya kushika wembe. Tofauti yote ikatoweka. Povu la bei ya chini likanyoa sawa na sabuni, sawa na jeli, sawa na tyubu ya dola nane.

Mtihani wa upofu nao ukathibitisha hivyo. Mama na binti walipapasa mashavu manane. Mara mbili walisifu upande wa krimu ya ghali, mara mbili upande wa povu rahisi, na mashavu ya mzee mmoja waliyasifu yote mawili kabla ya kulazimishwa kuchagua.

Sababu yake si fumbo. Unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa shaba. Ukilowekwa hunywa maji hata kufikia kama theluthi moja ya uzito wake, ukavimba na kulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo sana. Kazi ya krimu ni mbili tu: kuyazuia maji hayo yasikauke, na kuutelezesha wembe ili usiikwaruze ngozi. Kazi hizo mbili kopo la bei nafuu linaziweza. Wahenga wetu waliposema "mwenzako akinyolewa, zako tia maji," walikusudia kumuasa mtu ajiandae kwa yale yaliyomfika mwenziwe. Lakini walitoa mfano huo kwa sababu walijua kinyozi anaanzia wapi. Hawakusema tia krimu.

Tukapiga na hesabu. Povu la kadiri ya ndimu, ambalo latosha uso mzima, lilikuwa na uzito wa gramu tano katika mizani ya jikoni. Kopo la gramu 283 basi hunyoa mara hamsini na sita, yaani chini ya senti tano kila mara. Tyubu ya dola nane, inayotumiwa gramu mbili tu kwa wakati, iligharimu senti tisa. Kwa mtu anyoaye siku 300 kwa mwaka, tofauti haifiki dola kumi na tano. Si fedha nyingi, lakini ni fedha inayonunua kisichokuwepo.

Gharama ya kweli iko kwenye wembe. Kichwa kimoja cha wembe wenye makali matano huuzwa kama dola nne. Kikinyoa mara kumi, kila mara ni senti arobaini. Wembe wa kawaida wenye makali pande mbili, ule unaotiwa katika mashine ya chuma tuliyoiona kwa baba zetu, hupatikana kwa senti kumi na tano au ishirini, na hunyoa vizuri mara tatu au nne. Mashine yenyewe hununuliwa mara moja ikadumu miaka. Anayetaka kuokoa fedha aanzie hapo. Wala asiokoe kwa kushirikiana. Katika nyumba zetu zenye vijana wanne au watano, kila mmoja awe na wembe wake, kwani homa ya ini na maradhi mengine ya damu hayajali kwamba ninyi ni ndugu.

Neno kwa akina mama na mabinti wanyoao miguu na kwapa: povu lililo katika kopo la waridi halitofautiani sana na lile la kopo jeupe. Mwaka 2015 idara ya wanunuzi ya Jiji la New York ililinganisha bei za bidhaa za mwilini za wanawake na za wanaume, ikakuta zile za wanawake zina bei ya juu kwa wastani wa asilimia 13. Chukueni kopo la kaka zenu, au tuseme jingine linalofanana nalo.

VIPELE VYA NDEVU

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kijana wetu alitumia vitu vyote sita, na vipele vya shingo yake havikuondoka kwa kimoja chochote. Hakuna krimu ya kunyolea, ya bei yoyote, inayoviponya. Ni lazima tufahamu vinatokea vipi.

Unywele wa kipilipili huota kwa kujipinda. Ukikatwa kwa wembe, ncha yake huwa kali kama mkuki. Unapokua, badala ya kwenda mbele hurudi nyuma na kujichoma katika ngozi. Mwili huuona kama mwiba ulioingia, ukaupiga vita; hapo ndipo hutokea uvimbe, mwasho na wakati mwingine usaha. Wanaume wengi wenye asili ya Afrika wanaonyoa kila siku hupata taabu hii, na hata wanawake huipata sehemu nyingine za mwili. Si uchafu, wala si chunusi za balehe, wala hazitokani na krimu ya bei rahisi.

Wembe wenye makali mengi huzidisha shida. Kali la kwanza huuvuta unywele kidogo, la pili huukata, na kisiki kilichobaki hurudi chini ya ngozi. Hupendeza siku hiyo. Lakini unywele uliojipinda, ukianza kuota tena kutoka chini, hautafuti tundu lake; hutoboa pembeni. Kwa hiyo kunyoa kwa karibu mno, jambo ambalo matangazo yote hulisifu, ndilo linalowadhuru wenye ndevu kama zetu.

Haya ndiyo tuliyomwelekeza kijana wetu, nayo ndiyo ambayo waganga wa ngozi hushauri:

Kwanza, alipumzisha wembe kwa wiki nne. Nywele zikiachwa zirefuke hujinasua zenyewe. Asizing'oe kwa kibano, kwani hiyo hutengeneza kipele kipya.

Pili, aliporudi kunyoa, alitumia wembe wenye kali moja, akafuata njia unywele unakoelekea, bila kuivuta ngozi wala kupita mara mbili mbili juu ya pahala pamoja.

Tatu, kabla ya kunyoa hulowesha uso kwa dakika tatu na kuusugua taratibu kwa kitambaa au mswaki laini, kwa kuzungusha, ili kuzinyanyua nywele zilizolala.

Nne, baada ya kunyoa hujiosha kwa maji baridi na kupaka mafuta yasiyo na harufu. Hatumii spiriti. Ule mwako tuliozoea kwa vinyozi wetu, tukadhani ndio dalili ya dawa kufanya kazi, ni ngozi inayolalamika.

Tano, asiyepata nafuu kwa wembe autupe, anunue mashine ya umeme ya kinyozi inayobakiza kama milimita moja. Kwa mbali mtu huonekana amenyoa, na ncha za nywele haziwezi kurudi ndani.

Wamarekani Weusi wana njia yao nyingine ya siku nyingi: unga wa Magic, unaopatikana katika rafu zile zile kwa bei ndogo. Hukorogwa na maji, hupakwa, na baada ya dakika chache hufutwa pamoja na ndevu zenyewe, kwa kuwa unga huo huyeyusha unywele. Ncha iliyoyeyuka si kali, hivyo haichomi. Lakini kitu kiyeyushacho unywele huweza kuiunguza ngozi pia. Atakayeujaribu apake kwanza sehemu ndogo, asizidishe dakika zilizoandikwa, na asirudie kabla ya siku kadhaa kupita. Harufu yake ni ya mayai viza, na hilo tunalisema ili msiwasingizie majirani.

Penye usaha, au makovu yanayovimba na kuwa magumu, mtu amwone daktari. Ziko dawa za kupaka, na uko mwanga wa leza wa kuua mizizi ya nywele. Leza hiyo ifanywe na anayejua kutibu ngozi nyeusi, kwani aina nyingine za mwanga huiunguza.

TAHADHARI YA MKOROGO

Vipele vikipona huacha madoa meusi, na hapo ndipo hasara kubwa hufanyika. Katika baadhi ya maduka tunayonunulia unga wa mahindi na dagaa huuzwa chini ya meza vikopo visivyo na orodha ya viungo, kwa ahadi ya kuondoa madoa kwa siku saba. Tuliuliza bei ya kimoja: dola ishirini na tano. Yaani mtu aliyebania senti tano za krimu hutoa bei ya makopo kumi kununua asichokijua.

Vipodozi vya namna hiyo mara nyingi vina haidrokwinoni, au dawa za jamii ya steroidi, au zebaki. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuigeuza ngozi ikawa na weusi wa kibuluu usioondoka. Nayo tangu mwaka 2020 haiuzwi kihalali hapa Marekani bila cheti cha daktari. Steroidi hukondesha ngozi. Zebaki huharibu figo na neva, na haimdhuru mpakaji peke yake: hubaki kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mikono, ikamfikia mtoto mchanga anayebebwa na baba yake. Doa la kipele hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa iwapo vipele vipya havitokei. Subira hiyo haiuzwi dukani.

NDEVU NA KAZI

Wapo wasomao haya na kusema: kupumzisha wembe wiki nne ni rahisi kwa mzee aliyestaafu, mimi nitafukuzwa. Neno hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kesi ya mtu Mweusi aliyefukuzwa katika duka la piza huko Nebraska kwa sababu ya ndevu, naye ana maradhi haya ya vipele. Mahakama ilisema kwamba amri ya kuwakataza wafanyakazi wote ndevu iliwaumiza Weusi zaidi, na kwamba mwajiri hakuonyesha haja ya kibiashara iliyotosha. Mwaka huo huo mahakama nyingine ya rufaa iliwakatalia wazima moto wa jiji la Atlanta, kwa hoja kwamba barakoa ya hewa haiwezi kushika barabara juu ya ndevu, na bila hiyo mtu hufa motoni. Ohio iko chini ya mahakama ya rufaa nyingine, wala hukumu hizo hazimfungi moja kwa moja jaji wa hapa. Lakini zinaonyesha mpaka ulipo: sura nzuri mbele ya wateja si sababu nzito; usalama ni sababu nzito.

Basi anayeamriwa kunyoa huku akiumia asinyamaze wala asigombane. Amwendee daktari, apewe barua inayotaja maradhi yake na kuomba aruhusiwe ndevu fupi zilizopunguzwa kwa mashine. Barua aipeleke katika ofisi ya wafanyakazi na nakala abaki nayo. Ikiwa kazi yake inahitaji barakoa ya kubana uso, kama ilivyo katika hospitali na viwanda vya rangi, aulize kama inapatikana ile ya kofia inayosukumiwa hewa kwa betri, isiyohitaji kugusa kidevu. Na anayefuga kwa ajili ya dini ajue kwamba mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi hii iliongeza uzito wa mzigo alio nao mwajiri anayetaka kukataa ombi la namna hiyo.

KWA WANAOFUNGA MIZIGO

Wengi hupenda kuwachukulia wazee nyumbani kopo moja au mawili. Katika mkoba wa mkononi hairuhusiwi kopo linalozidi mililita 100. Katika sanduku la chini ya ndege inaruhusiwa, mradi kila kopo lisizidi mililita 500, na jumla ya vipodozi vya namna hiyo isizidi kilo mbili kwa msafiri. Hakikisheni kifuniko kimekaa. Kipande cha sabuni na brashi havina sharti lolote kati ya hayo, na kwa mzee aliyezoea mashine ya chuma huenda vikawa zawadi bora.

MWISHO

Shauri letu kwa ufupi ni hili. Nunueni povu lolote la dola mbili au tatu ambalo harufu yake haiwakeri. Mwenye ngozi inayowasha achague lisilo na manukato wala mentholi. Fedha inayobaki itieni kwenye wembe mzuri. Dakika tatu za maji ya moto zitolewe kila siku bila ubahili.

Na jambo la mwisho ni la akina baba. Kijana wetu alituambia kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kunyoa. Alijifunza kwa kutazama matangazo ya wembe. Nyumbani kazi hii ilikuwa ya mjomba, au babu, au kinyozi wa mtaani. Huku mjomba yuko mbali na kinyozi hutoza dola thelathini. Basi baba aliyepo aifanye, na kwa mvulana asiye na baba hapa, wazee watatu wa jarida hili wako tayari. Makopo yaliyosalia katika jaribio letu tumeyaweka katika kabati la ukumbi tunapokutania. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya darasa la watoto, tutakuwa hapo pamoja na birika la maji ya moto. Kila kijana aje na taulo lake na wembe wake.

Wassalaam.